Kuungana na Kujipanga: Istilahi za Kopolima za Sukari Zinazobeba Dawa

Zipo istilahi za kisayansi zinazomshinda mtafsiri kwa ugeni wake, na zipo zinazomponza kwa sababu amezizoea. Habari za kopolima za sukari zinazojipanga zenyewe na kubeba dawa ni za aina ya pili. Sukari tunaijua, kujipanga tunakujua, kubeba tunakujua, na dawa tunaijua. Maneno hayo yakiwekwa pamoja bila uangalifu huzaa sentensi ambayo msomaji ataielewa mara moja, na ataielewa kinyume. Makala haya yanaeleza kwanza jambo lenyewe, kwa kuwa hakuna awezaye kuchagua istilahi ya kitu asichokijua, kisha yanapima maneno yaliyopo na kupendekeza yanayofaa.

Jambo lenyewe

Polima ni molekuli ndefu iliyofanyizwa kwa molekuli ndogo nyingi, yaani monoma, zilizoungana moja baada ya nyingine kama shanga katika uzi. Dhana hii haina umri mkubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanakemia wengi waliamini kwamba mpira na selulosi ni mikusanyiko ya molekuli ndogo zilizoshikamana kwa nguvu dhaifu. Mjerumani Hermann Staudinger alipodai mwaka 1920 kwamba hizo ni molekuli ndefu kwelikweli, zenye vifungo vya kemikali toka mwanzo hadi mwisho, alipingwa kwa miaka mingi. Tuzo ya Nobel ya Kemia aliipata mwaka 1953. Tunautaja ubishi huo kwa makusudi, kwa sababu ukiutazama kwa jicho la mwanasarufi ulikuwa ubishi wa vitenzi: je, molekuli hizo zimeungana, au zimekusanyika tu?

Polima ikiwa na monoma za aina mbili au zaidi huitwa kopolima. Aina hizo huweza kuchanganyika ovyo katika mnyororo, huweza kupishana moja moja, na huweza kukaa kwa mafungu: fungu zima la aina ya kwanza, kisha fungu zima la aina ya pili. Hii ya mwisho ndiyo inayotuhusu. Utengenezaji wake ulipata njia ya uhakika mwaka 1956, Michael Szwarc alipoeleza namna ya kukuza mnyororo ambao ncha yake haifi. Monoma ya kwanza ikiisha, unaongeza ya pili, na mnyororo unaendelea kurefuka.

Sasa tuseme fungu moja linapatana na maji na jingine halipatani nayo. Molekuli kama hiyo ikitiwa majini hujikuta katika shida isiyo na mlango wa kutokea: upande mmoja unavutwa na maji, upande wa pili unasukumwa nje, na pande hizo zimeungana, haziwezi kuachana. Suluhisho lake ni la pamoja. Molekuli nyingi hukaribiana, zikaelekeza ndani sehemu zisizopatana na maji na kuelekeza nje zile zinazopatana nayo. Hutokea tufe dogo lenye kiini kisichoingiza maji na ukingo uliolowa. Sabuni hufanya vivyo hivyo katika beseni la vyombo, na ndivyo inavyoondoa mafuta, kwa kuyaficha ndani ya kiini. Tufe hilo huitwa miseli. Uwiano wa mafungu ukibadilika, umbo nalo hubadilika: hupatikana vijiti, au vifuko vyenye utando na maji ndani yake.

Dawa isiyoyeyuka majini ikiwekwa pamoja na molekuli hizo hukimbilia kiini. Dawa kadhaa za saratani zina tatizo hilo la kutoyeyuka. Paklitakseli ni mfano mashuhuri: kwa miaka mingi imetolewa ikiwa imeyeyushwa katika alkoholi na mafuta ya nyonyo yaliyobadilishwa kikemikali, na mafuta hayo yenyewe huweza kumletea mgonjwa mzio mkali. Mwaka 2007 Korea Kusini iliidhinisha Genexol-PM, ambayo ni paklitakseli iliyohifadhiwa ndani ya miseli za kopolima. Fungu linalopenda maji katika dawa hiyo si sukari bali ni polietilini glikoli, kemikali inayotumiwa sana katika kazi hii.

Kwa nini basi watu waitafute sukari? Sababu ya kwanza ni kwamba miili ya baadhi ya watu hutengeneza kingamwili dhidi ya polietilini glikoli, hivyo watafiti wanatafuta mbadala. Sababu ya pili inapendeza zaidi. Seli za mwili zimefunikwa na sukari na husomana kwa sukari. Tofauti baina ya kundi la damu A na kundi la damu B ni tofauti ya sukari moja tu mwishoni mwa mnyororo mfupi ulio juu ya chembe nyekundu. Seli za ini zina protini inayoishika galaktosi. Makrofaji, zile seli zinazomeza vijidudu, zina protini inayoishika manosi. Seli za saratani za aina nyingi zina kwa wingi protini iitwayo CD44, ambayo hushika asidi ya hialuroni, sukari ndefu iliyomo pia katika ngozi na maungio yetu. Ukingo wa miseli ukiwa wa sukari, basi, si kifuniko tu, bali ni kama anwani iliyoandikwa juu ya bahasha.

Huko Bordeaux, Ufaransa, Sébastien Lecommandoux na wenzake walichapisha mwaka 2009 kazi iliyoonyesha dekstrani ikiungwa na fungu la polipeptidi, na molekuli zilizopatikana zikijipanga kuwa vifuko. Walifanya vilevile kwa asidi ya hialuroni, wakatia ndani ya vifuko hivyo doksorubisini, dawa ya saratani. Dekstrani ni sukari ndefu inayotengenezwa na bakteria kutokana na sukari ya miwa, na wenye viwanda vya sukari wanaijua kama kero: miwa iliyokatwa ikicheleweshwa shambani, bakteria huigeuza sehemu ya sukari kuwa utelezi huo. Nyingi za kazi za namna hii zimeishia maabara na kwa wanyama. Mtafsiri asiandike “hutibu” mahali ambapo mwandishi ameandika kwamba chembe ziliingia ndani ya seli.

Vitenzi vya kukutana

Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa wabunge wanaokutana, kwa magari yanayoundwa kiwandani, na kwa molekuli zinazojikusanya majini. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha namna hiyo, na hilo si upungufu. Tuna kuungana, kuunganika, kujiunga, kukusanyika, kushikamana, kujiunda na kujipanga, na kila kimoja kina madai yake.

Kuungana hudai kwamba baada ya tendo vitu vimekuwa kimoja. Mifupa iliyovunjika huungana. Nchi mbili huungana. Kitenzi hiki kinafaa kwa kifungo cha kemikali, na kinafaa kwa hicho peke yake. Monoma huungana kuwa polima. Mafungu mawili huungana kuwa kopolima. Lakini molekuli za kopolima ndani ya miseli hazikuungana. Hakuna kifungo kipya kilichotokea baina yake. Zimekaa pamoja kwa sababu ya maji yanayozizunguka, na maji hayo yakiongezwa sana, hutawanyika.

Hapa ndipo pa kupimia tafsiri. Miseli ina kiwango cha chini cha ukolezo ambacho ikizimuliwa chini yake, haiwezi kudumu. Dawa iliyochomwa katika mshipa huzimuliwa ghafla na damu yote ya mwili. Kwa hiyo swali kubwa la watafiti ni iwapo miseli itadumu mpaka ifike inakotakiwa, au itatawanyika njiani na kumwaga dawa mahali pasipofaa. Kopolima husifiwa kuliko sabuni kwa kuwa kiwango chake hicho huwa cha chini sana, yaani huvumilia kuzimuliwa. Msomaji aliyeambiwa kwamba molekuli “zimeungana” kuwa miseli hawezi kuliona tatizo, kwa maana kilichoungana hakiachani kwa kuongezwa maji. Atashangaa tu kwa nini kurasa tano zinazofuata zinahangaikia uimara wa chembe. Kosa la kitenzi kimoja limeibatilisha sura nzima.

Kukusanyika kuna ukweli, lakini hakutaji mpangilio: watu waliokusanyika sokoni hawana safu. Kujiunda ni kuzuri, ila kunaelekea kwenye vyombo na kamati. Tunapendekeza kujipanga, kwa kuwa kunabeba mambo mawili kwa pamoja, yaani utaratibu wa safu (ndani hiki, nje kile) na kutokuwepo kwa mpangaji. Kasoro yake ni kwamba katika mazungumzo ya siku hizi “jipange” ni onyo kwa mtu asiyejiandaa na maisha. Kwa sababu hiyo, mara ya kwanza istilahi inapotajwa, andika “kujipanga zenyewe”, ingawa mwalimu mkali wa sarufi atasema kwamba -ji- limekwisha kulisema hilo. Baadaye “hujipanga” inatosha. Kitendo kiitwe “ujipangaji”, na umbo linalotokea liitwe “mpangilio”. Kinyume chake ni “kutawanyika”, wala si “kuvunjika”. Kuvunjika tukuachie mnyororo wenyewe unapokatwa na vimeng’enya.

Anayefundisha darasani ana mfano jikoni. Mafuta ya nazi yamo ndani ya tui kwa matone madogo yaliyozungukwa na protini, na kila mpishi anajua kwamba tui lisipokorogwa linapochemka hukatika. Hakuna asemaye kwamba tui “limevunjika”. Tui si miseli, na matone yake ni makubwa mno kulinganisha, lakini tofauti baina ya kitu kilichoungana na kitu kilichokaa pamoja kwa masharti mwanafunzi ataishika hapo kuliko katika mchoro wowote.

Pingili

Kwa lile tuliloliita “fungu” tumekuta maneno manne. Bloku halina kosa ila halimfundishi msomaji chochote. Kitalu lina kazi nyingi tayari: miche ya kahawa, uwindaji, gesi baharini. Tofali linaonyesha kitu kimoja kinachorudiwa ukutani, na hiyo ni sifa ya monoma, si ya fungu. Lililobaki ni pingili.

Pingili ni sehemu ya muwa au mwanzi iliyo baina ya fundo na fundo. Biolojia imeliazima neno hilo zamani kwa uti wa mgongo na kwa miili ya minyoo, kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari amekwisha kulizoea nje ya shamba. Linaeleza kitu kirefu chenye sehemu zinazotambulika, kila sehemu ikiwa ndefu kiasi cha kuwa na tabia yake. “Kopolima ya pingili mbili” na “kopolima ya pingili tatu” hujieleza zenyewe. Zaidi ya hayo, linaleta neno la pili bila kuombwa: fundo. Mahali pingili ya sukari inapounganishwa na pingili nyingine ni mahali penye kazi ngumu kuliko zote katika utengenezaji, kwa kuwa sukari ina vikundi vingi vya haidroksili vinavyofanana na mwanakemia anataka kushika ncha moja tu. Mara nyingi hutumiwa mmenyuko wa azidi na alkini unaochochewa na shaba, ambao Morten Meldal na Barry Sharpless waliueleza kila mmoja kwa upande wake mwaka 2002, na ambao ulichangia kuwapatia Nobel mwaka 2022. Kuandika “fundo la triazoli baina ya pingili mbili” ni Kiswahili kinachosomeka na kemia iliyo sahihi.

Sitaki kulisifu neno hili kupita kiasi. Pingili za muwa mmoja zote ni tamu namna moja, ilhali pingili za kopolima lazima zitofautiane, la sivyo hakuna kinachojipanga. Mwalimu alitamke hilo waziwazi.

Kuhusu maji, wengi huandika “pingili inayopenda maji” na “pingili inayochukia maji”. La kwanza tunalikubali. La pili lina chuki isiyokuwepo. Kinachotokea ni kwamba molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuiacha pingili hiyo nje. “Inayoogopa maji” ni baya zaidi, kwa kuwa kuogopa maji ni dalili ya kichaa cha mbwa. Andika “isiyopatana na maji”. Kauli ya kutendana inaweka jambo mahali pake, yaani baina ya wawili.

Kibebadawa, na kosa la “lengwa”

“Mbebaji” limezoeleka hospitalini kwa mtu mwenye vimelea au jeni ya ugonjwa bila kuugua, kwa hiyo “mbebaji wa dawa” litamfanya msomaji amtafute mtu huyo. Ngeli ya ki-/vi- ndiyo ya vyombo, na Kiswahili kina desturi ya kuunda majina ya vyombo kwa kitenzi na kitendwa chake, kama kipimajoto. Kibebadawa, vibebadawa: neno limekamilika, lina umoja na wingi, na halihitaji maelezo.

Kwa ukubwa, tumia “chembe nano”, jina kwanza na sifa baadaye kama ulivyo utaratibu wa lugha, ijapokuwa “nanochembe” imeenea. Nanometa moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara 1,000,000,000. Unywele una unene wa nanometa 80,000 hivi, na miseli za kopolima kwa kawaida zina kipenyo cha nanometa 10 hadi 100.

Kosa linalostahili kukemewa ni “dawa lengwa”. Watafsiri wanaijua “lugha lengwa”: ni lugha inayolengwa, ile tunayoielekea. Kwa mantiki hiyohiyo “seli lengwa” ni seli inayolengwa, na ni sahihi. “Dawa lengwa” basi ni dawa inayolengwa, kana kwamba kuna mtu anaipiga mshale. Kauli ya kutendwa ya Kiingereza imeingia kwa mlango wa nyuma. Sema “dawa inayolenga seli za saratani”, au, bora zaidi, “kibebadawa kinachotambuliwa na seli za saratani”. Neno kulenga lenyewe hutia chumvi. Chembe haina macho. Huzunguka na damu, na ikigusana na seli yenye protini inayoishika sukari yake, hubaki hapo.

Sukari ya nani?

Tumeliacha neno rahisi kuliko yote mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari. Katika mazungumzo yetu “ana sukari” maana yake ana kisukari. “Sukari imepanda” ni habari ya duka au ya damu, kutegemea msemaji. “Dawa ya sukari” ni dawa ya kisukari, bila mjadala. Kwa hiyo “kibebadawa cha sukari” kina maana tatu: kilichofanyizwa kwa sukari, kinachobeba sukari, na cha kutibia kisukari. Kihusishi -a hakiwezi kuzitenganisha.

Hili si suala la wanakamusi peke yao. Vibebadawa vinavyojipanga vimekwisha kufika Afrika Mashariki kwa namna nyingine: amfoterisini B iliyofungwa ndani ya vifuko vya mafuta viitwavyo liposomu hutumiwa kutibu kala-azar nchini Kenya, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi wa kriptokoka kwa watu wenye VVU, baada ya jaribio lililowahusisha wagonjwa wa Uganda na wa nchi nyingine nne za Afrika. Vibebadawa vya sukari vikifika kwenye majaribio ya aina hiyo, fomu ya ridhaa italazimika kusomwa na mtu mwenye kisukari, na mtu huyo ana haki ya kuuliza kama sukari yake itapanda. Jibu ni la daktari, na lazima liwemo katika matini asilia. Mtafsiri asilifiche swali kwa neno la kigeni lisiloeleweka, wala asilijibu kwa kuongeza “haina madhara”.

Wengine hukimbilia “wanga”. Si sahihi. Dekstrani na asidi ya hialuroni si wanga, wala kitosani, ambayo hutengenezwa kutokana na magamba ya kamba na kaa, si wanga. Tena sikio la Kiswahili likisikia wanga usiku halifikirii mihogo kwanza. Kwa matini ya kitaaluma tumia “polisakaridi”. Kwa msomaji wa kawaida tumia “sukari ndefu”, ukieleza mara moja kwamba ni molekuli nyingi za sukari zilizoungana kuwa mnyororo na kwamba haina utamu wa sukari ya mezani, kisha itaje kwa jina lake.

Sentensi ileile, basi, inaweza kuandikwa hivi kwa kitabu cha kiada: “Kopolima ya pingili mbili, moja ya dekstrani na nyingine ya polipeptidi isiyopatana na maji, hujipanga yenyewe majini kuwa chembe nano zinazoweza kuhifadhi dawa.” Na hivi kwa fomu ya ridhaa: “Dawa utakayopewa imewekwa ndani ya chembe ndogo sana. Nje ya chembe hizo kuna dekstrani, ambayo ni aina ya sukari ndefu. Hii si dawa ya kisukari. Ikiwa una kisukari, mwambie daktari kabla ya kutia sahihi.”

Limebaki moja dogo la sarufi. Miseli, ingawa inaanza na mi-, haimo katika ngeli ya miti. Umoja wake si “mseli”. Ni miseli hii, miseli hizi, kama ilivyo seli hii na seli hizi. Wanaoandika “misela” wajue kwamba vijana wa mjini watawaza wasela kabla hawajawaza kemia.